Usiniambie "unaweza", nisubiri Bamaga

Kuna neno nimelichoka na nitalisema hapa bila kumung'unya: "unaweza". Sio kwamba ni neno baya jamani, ila mtu yuko kwenye kochi lake anakutumia "unaweza" na kale kaemoji ka msuli, halafu wewe saa 11 alfajiri uko peke yako unatafuta sababu ya kutoka kitandani ukakimbie, aisee hapo lile neno halikusaidii kitu. Mimi kilichonitoa kitandani miezi minne mfululizo ni kujua kwamba kuna dada kasimama pale kituo cha Bamaga, hapa Dar, gizani, ananisubiri, na nisipotokea atakuwa kasimama bure.

Tulikuwa sita. Dada mwenye saluni, kaka wa bodaboda, mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mke na mume wapangaji wa nyumba ya pili, na mimi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kukimbia kilomita 5 bila kusimama. Wazo lilianza ile Jumatatu ya Septemba 2025, tumeamka tunakuta Alphonce Simbu keshakuwa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, kamzidi kwa sekunde 0.03 tu, yaani watu wamekimbia kilomita 42 halafu mshindi anaamuliwa kwa picha. Siku ile kila mtu mtaani alikuwa mkimbiaji. Wengi iliwaisha jioni ileile. Sisi sita tukakubaliana tunaenda Moshi, Kilimanjaro Marathon, zile kilomita 21.

Mwanzoni tukatafuta mzoefu wa kutufundisha na tukampata, alikuja Jumamosi mbili na sina neno baya juu yake, alichosema chote kilikuwa sahihi. Ila alikuwa ameshasahau. Alikuwa anasema "kilomita 8 za kulainisha miguu" kama vile zipo kilomita 8 za kulainisha miguu kwa mtu ambaye ya 3 tu imemtoa kichomi. Anayeanza anahitaji aliyeanza naye, mtu ambaye jana kachubuka mapaja akagundua vazelini, leo anakuletea kopo zima, mtu ambaye kidole chake kina lengelenge palepale lilipo la kwako. Mafunzo ya mzoefu yachukueni, yanasaidia sana, ila wa kuhema pembeni yako awe mwenzio.

Jambo lililotuokoa lilitoka kwa Mama, yule mwalimu. Wiki ya pili tunapandisha kile kilima cha Chuo Kikuu, na hapo hawakupaita Mlimani bure, kila mtu kakaza uso anajifanya yuko sawa, kumbe wote tumekufa. Mama akasimama katikati ya njia akasema kwa sauti, "Wanangu, mimi hapa natembea. Nikifika kwenye ile nguzo naanza tena." Basi! Wote tukaanza kutembea, na kaka wa bodaboda akasema Mama ubarikiwe, mimi nilikuwa naona nyota. Toka siku ile kutembea kukawa halali, tena tukapanga kabisa, dakika 3 mbio, dakika 1 kutembea, baadaye 5 kwa 1, na ndo hivyohivyo tulivyofika kilomita 16 Januari, joto la Dar unalijua, saa 2 asubuhi jua limeshakuwa kali kama la mchana na shati unalikamua. Nawaambia ukweli, kama grupu lenu la wanaoanza watu wanaona aibu kutembea mbele ya wenzao basi hamtiani moyo, mnatishana.

Na tulikuwa tunaongea njia nzima. Hili watu wanaona ni utoto lakini ndo kipimo chenyewe, ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi umezidisha mwendo, punguza. Wazee wetu walilijua, mchakamchaka wa shule ulikuwa unaimbwa, na huwezi kuimba huku unakimbia kupita uwezo wako. Mama alikuwa anatuuliza maswali ya darasa la nne, miji mikuu ya nchi, akijibiwa kwa neno moja moja tu anasema haya, taratibu.

Halafu kuna kitu wanaume hatukioni. Yule dada wa saluni alitaka kukimbia toka zamani, miaka, na sio uvivu uliomzuia. Saa 11 na nusu alfajiri mwanamke peke yake barabarani, kuna mbwa, kuna vibaka, kuna wale wa kupiga miluzi na kuuliza "unakimbia nini mrembo". Jioni anatoka saluni saa 2 usiku. Sasa huyo unamwambia "unaweza" ya nini, anajua anaweza, hana njia ya kupita tu. Tulivyoanza kumpitia mlangoni kwa zamu mpaka Bamaga akawa hakosi hata siku moja, na ndo huyo na aliyempitia wakawa wanafika kabla ya wengine.

Ndo maana lililotokea Januari linaniuma mpaka leo.

Akaanza kulalamika ugoko wa kulia. Mwanzo ukishapata joto unaacha, baadaye ukawa hauachi, baadaye unauma hata akiwa amesimama anasuka mtu. Na sisi, wote, mimi wa kwanza, tukamwambia kaza, yanaisha hayo, umefika mbali, unaweza. Neno lilelile. Akakaza wiki mbili. Mtu wa fiziotherapia alivyomshika pale mguuni akaruka, akaambiwa mfupa umeshaanza kulemewa, akiendelea utaingia ufa, apumzike wiki 6 kamili. Moshi ikawa imeondoka hivyo, na hela ya usajili keshalipa, tisheti anayo.

Alichotuelezea baadaye huyo wa fiziotherapia nilitamani ningekijua mapema. Pumzi inakuja haraka, wiki chache tu unaona tofauti, unapanda kilima unaongea. Mifupa na kano vinachelewa, vinataka miezi. Kwa hiyo anayeanza anafika mahali kifua kinasema twende na ugoko hauko tayari, na hapo ndipo wenzio wanaokupenda wanaweza kukuumiza kwa kukupigia makofi. Maumivu ya misuli pande zote mbili, yanayopungua kila siku, hayo tembea nayo. Maumivu ya sehemu moja, unaweka kidole unasema ni hapa, yanazidi kila ukikimbia, hayo mwenzio akikutajia mwambie kaa chini, na mkae naye. Sisi Jumamosi zilizofuata tulikuwa tunamalizia kwa dada, supu na chapati, ili asijione katolewa.

Moshi dada alikuja. Tulipanda basi wote sita.

Mji ule uko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, sisi watu wa Dar kifua kinajua, na mbio zenyewe zinapandisha kuelekea Mweka, unapanda, unapanda, watoto wamejipanga pembeni wanakupa mikono, unapanda tena, unasahau kwamba kuna kushuka. Mama alikuwa nyuma yangu anatembea kwa mpango wake. Mimi kwenye kilomita ya 9 nilikuwa nimeshaamua nakaa chini, kweli kabisa, nilikuwa natafuta jiwe.

Nikamuona dada wa saluni kwenye migomba pale. Alikuwa kapanda bodaboda alfajiri kabla barabara hazijafungwa, kaikagua njia yote mpaka wanapogeuzia, karudi kasimama hapo na chupa ya maji. Hakuniambia naweza. Kanishika mkono tukatembea hatua kama ishirini, akaniambia, "Kaka, zimebaki kona mbili, ya pili ndo mbaya, tembea yote usiikimbie. Ukigeuka ni kushuka tu mpaka mjini."

Nikatembea. Zilikuwa mbili kweli, na ya pili ndo ilikuwa mbaya.

Mama alimaliza. Wote watano tuliokimbia tulimaliza, wa mwisho wetu saa 3 na dakika kadhaa. Dada wa saluni ameanza tena taratibu, 3 kwa 1, juzi tumefika kilomita 6 na ugoko kimya. Jumamosi hii tunajaribu 7, akisema unauma tunarudi tunatembea.