Na Talbot je?

Shukrani kwa makala yako kuhusu kuanzishwa kwa chama cha wapenzi wa picha London mwaka 1853. Roger Fenton, katibu wake wa kwanza, umemsifu inavyostahili. Ila Talbot, Mwingereza aliyevumbua kalotipu, njia ya awali ya kupiga picha kwenye karatasi, umemruka! Hataza yake ya kalotipu ya 1841, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuitumia bila ruhusa yake, iliwabana wapiga picha wa Uingereza miaka mingi. Alipoilegeza 1852, akabakiza masharti kwa picha za watu zinazopigwa kibiashara tu, haikupita hata nusu mwaka chama kikazaliwa. Na wanawake waliruhusiwa kujiunga tangu mwanzo, jambo kubwa kwa enzi ile.

Kilichonigusa hasa ni kwamba wenzetu wa chama hicho walikusanya na kutunza picha. Mkusanyiko wao leo uko katika makumbusho ya Victoria and Albert. Mwaka jana hapa Unguja nilifungua kopo la biskuti lenye negativu za marehemu baba. Zimegandana kwa unyevu. Ukibandua moja, uso wa bibi harusi unabaki kwenye nyingine. Nililia. Wapenzi wa picha nchini tuunde chama cha taifa, kianze na kuokoa negativu za majumbani. Kopo langu nitalileta siku ya kwanza.