Yule Mbwa Alishasema

Wiki iliyopita, tukiwa tunakabidhiana zamu, mama mmoja aliingia kituoni mbio amembeba mwanawe wa miaka saba. Shavu la kushoto limechanika, kanga imelowa damu. Mbwa wa jirani. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa ya ukutani, tukaanza chanjo, tukaandika rufaa. Nikamuuliza mama ilikuwaje. "Nesi, yule mbwa hana neno. Alikuwa hadi anatikisa mkia. Kamgeukia mtoto ghafla tu."

Ghafla. Neno hilo nalisikia mwaka wa tisa sasa, lakini safari hii lilinichoma kuliko siku zote, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa na habari nyingine. Tulipokuwa tunasubiri gari alinieleza: mpira wao ulibingirika hadi chini ya mwembe, na mbwa amefungwa mnyororo palepale, anakula ugali. "Aliacha kutafuna. Akawa ananiangalia hivi." Akanionyesha. Aliinamisha kichwa, akakaza mwili wote, akageuza macho pembeni mpaka weupe wake ukaonekana. Mtoto wa miaka saba, nusu ya uso imefunikwa bandeji, aliigiza bila kukosea picha iliyoko kwenye moduli ya tatu ya kozi ninayosoma, ya tabia za mbwa.

Yule mbwa alisema. Alisema kwa lugha yote aliyonayo, na mtoto aliiona. Ila hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kwamba ile ni lugha. Na ule mkia: mkia ulioinuliwa juu, umekakamaa kama fimbo, ncha ikichezacheza haraka haraka, huo si mkia wa furaha.

Nasoma tabia za mbwa kwa masafa, kozi ya muda wa ziada inayotolewa Uingereza, na huu ni mwezi wa 11. Ada nalipa kwa awamu, kwa pauni. Darasa la mtandaoni linaanza saa tatu usiku kwetu, na wenzetu wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba linasogea hadi saa nne, wakati mimi nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Ndugu wameniuliza, wafanyakazi wenzangu wameniuliza: hela yote hiyo, usingizi wote huo, kwa ajili ya mbwa? Nimechoka kutabasamu. Najibu hapa, mara moja.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtazama mbwa mmoja kwa nusu saa na kuandika. Nikaenda kumtazama Jeki wa jirani, nikaandika kurasa mbili: Jeki ana hasira, Jeki mkorofi, Jeki ana wivu na paka. Mkufunzi alinirudishia kazi ile imepigwa mistari karibu kila sentensi, na pembeni swali moja linajirudia: umeona nini? Hasira sikuiona. Nilichoona ni masikio yaliyolala nyuma, ulimi uliopita juu ya pua mara nne bila chakula chochote karibu, mwayo wa mbwa asiye na usingizi, na mguu mmoja wa mbele ulioinuliwa ukabaki hewani. Nilikaa na karatasi ile hadi usiku wa manane. Sisi wauguzi tunafundishwa tangu mwanzo kwamba kwenye faili huandiki "mgonjwa msumbufu". Unaandika joto, unaandika mapigo ya moyo, unaandika alichosema kwa maneno yake. Huku kazini ningemkemea mwanafunzi kwa kosa lile, na kwa mbwa nilikuwa nimelifanya kurasa mbili nzima.

Ishara zile zina mpangilio. Mbwa mwenye hofu huanza kwa kugeuza kichwa, kujilamba, kupiga miayo. Usipomwelewa, anakaza mwili. Usipomwelewa bado, ananguruma, anaonyesha meno, anauma hewa. Kuuma nyama kunakuja mwisho. Sasa tazameni tunachofanya majumbani: mbwa akimngurumia mtoto, anachapwa. Akirudia, anachapwa tena, mpaka ananyamaza kabisa, nasi tunasema ameshika adabu. Hajashika adabu! Hofu yake iko palepale ilipokuwa, tulichomwondolea ni sauti ya kutuonya. Mbwa wa namna hiyo hana ngazi nyingine iliyobaki isipokuwa meno, na akiyatumia tunaletewa mtoto pamoja na lile neno, ghafla.

Nakubali, mbwa mwenye kichaa ni habari nyingine, huyo hafuati ngazi yoyote. Ndiyo maana kila jeraha la mbwa, hata mkwaruzo, ni sabuni, maji, dakika 15 na kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini hata hapo marungu hayatusaidii. Mbwa aliyeuma akifungiwa na kutazamwa siku 10, akazimaliza akiwa mzima, tunajua hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Yule wa wiki iliyopita aliuawa kabla jua halijazama. Mama yule kabaki na swali ambalo mbwa aliye hai angemjibu.

Halafu watoto wa mbwa. John Paul Scott na John Fuller, Wamarekani waliochapisha matokeo ya miaka mingi ya utafiti mwaka 1965, walionyesha kwamba mbwa ana kipindi kifupi cha kuzoea watu, kuanzia wiki ya tatu hadi ya 12 hivi. Kinachomfikia kwa wema katika wiki hizo anakichukulia kuwa cha kawaida maisha yake yote. Sisi ndizo wiki tunazomfungia bandani asione mtu, tunampa pilipili, ili awe mkali. Anakuwa mwoga, na mbwa mwoga hachagui kati ya mwizi na mtoto aliyefuata mpira.

Na wale wa "mwonyeshe nani bosi", wanaosema mbwa lazima atawaliwe kwa nguvu: hoja hiyo ilitokana na mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, walioandikwa na mtafiti Rudolf Schenkel mwaka 1947. David Mech, mtafiti Mmarekani aliyeisambaza sana, baadaye aliwatazama porini, akakuta kundi ni baba, mama na watoto wao, akaikana hadharani.

Kozi yenyewe ina mapungufu, sitaificha. Mifano yake ni ya mbwa wanaolala kwenye kochi na kutembezwa kwa kamba, na nimelazimika kumwandikia mkufunzi kurasa kumweleza mbwa koko anayejua nyumba sita na hana mwenyewe. Kumsoma mbwa kwa video si sawa na kusimama mbele yake. Na hata Uingereza kwenyewe sheria haimzuii mtu yeyote kujiita mtaalamu wa tabia za mbwa, kwa hiyo cheti changu hakitanipa mamlaka yoyote. Sikukifuata kwa ajili ya mamlaka.

Jumatatu nilikwenda shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo. Mwalimu mkuu alinisikiliza amesimama, kisha akavuta kiti. Akasema mwaka huu pekee wanafunzi wake watatu wameumwa, na mmoja wao ni wa darasa la kwanza. Amenipa dakika 20 siku ya Ijumaa, na watoto wa madarasa matatu ya chini. Nimechapisha picha nne kubwa: mbwa anayejilamba, mbwa anayepiga miayo, mbwa aliyekakamaa juu ya sahani yake, na jicho lenye weupe. Nitawaomba waniigizie, mmoja mmoja, kisha waniambie wameona nini.