Nilivyoipandisha Thamani Besi ya Mjomba

Mjomba aliponikabidhi besi yake, lile gitaa la sauti nzito, niiuze, alinipa sharti moja tu: "Mjomba, usimuuzie mtu anayecheka." Mimi namwita mjomba, na yeye ananiita mjomba, kwa hiyo tukibishana jirani hajui nani anamsuta nani.

Ilikuwa Fender Precision, rangi ya jua linalozama: katikati njano, pembeni nyeusi. Ni ya enzi zile bendi za dansi zilipokuwa za mashirika ya umma. Mpiga besi alikuwa na mshahara na kitambulisho kama karani wa masjala, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Bendi ilipokufa, mjomba akadai mishahara ya miezi saba. Akaambiwa pesa hakuna, achukue besi. Aliichukua na ushahidi wake mgongoni, kwa rangi nyeupe na brashi ya kupakia milango: MALI YA SHIRIKA, na namba chini yake.

Sasa anataka pikipiki ya kumpa kijana afanye bodaboda. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu nauza simu za mtumba Kariakoo, na ukoo mzima unaamini kwamba anayejua bei ya simu anajua bei ya kila kitu. Nami niliamini hivyo. Simu ikija imechoka unabadilisha kava, unaweka kioo kipya, unaifuta na spiriti, bei inapanda. Besi ina tofauti gani?

Nilianza na yale maandishi ya mgongoni, maana mteja akiyaona atadhani mali ya wizi. Msasa siku mbili, mikono ikatoka malengelenge. Maandishi yakatoka, na rangi ikatoka nayo. Nikaipeleka gereji moja Manzese, fundi akaipiga kompresa kwa rangi iliyobaki kwenye bajaji. Ilitoka nyekundu hasa. Ukiiweka barabarani, abiria anaweza kuisimamisha.

Vitufe vya sauti vilikuwa vinakwaruza. Nikang'oa, nikafunga vipya vya Mchina. Vya zamani nikavitupa.

Kisha nikaona pale kwenye sinki la mjomba kiwekeo cha sabuni cha chuma kinachong'aa, kama kopo la mviringo lililokatwa. Mke wa mjomba akaniambia kilikuwa kwenye gitaa, kilifunika nyuzi zinapoishia, mjomba akakitoa kwa sababu kilimzuia kuziba nyuzi kwa kiganja. Upande mmoja kiko wazi kupitisha nyuzi, kwa hiyo maji ya sabuni yanachuruzika vizuri. Kina kutu kidogo kwenye kona. Nikamnunulia cha plastiki, kile cha chuma nikamtupia muuza vyuma chakavu pamoja na sufuria mbili mbovu. Kila kitu safi.

Nikaenda kwa mzee mmoja Kinondoni, fundi magitaa, aniambie bei. Alianza kwa kuikwangua kwa ukucha, akanusa kidole.

"Hii rangi ya nini?"

"Ya bajaji, mzee. Haitoki hata ukimwagia petroli."

Akavua miwani. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu nne za bamba la nyuma linaloshika shingo. Kwenye kisigino cha shingo, mahali ambapo hata mjomba hajawahi kupaona, palikuwa na mhuri umefifia, na mwishoni unasomeka 72, yaani mwaka 1972. Mzee akaamka. Akanionyesha namba iliyochongwa kwenye lile bamba, akasema namba hizo za kiwandani zilianza kuhamia kichwani mwa gitaa mwaka 1976, kwa hiyo kila kitu kinakubaliana. Nikaanza kuiona pikipiki.

"Ngoja tuone tumbo," akasema. Akafungua, akanyamaza. "Vitufe vyake viko wapi?"

"Vilikuwa vinakwaruza."

"Vinapuliziwa dawa, mwanangu. Dakika mbili." Akanieleza kwamba mgongoni mwa vile vitufe hupigwa namba. Ikianza na 137, huo ni mhuri wa kiwanda cha CTS, na mbele yake kuna mwaka na wiki vilipotengenezwa. Mnunuzi wa vitu vya kale hufungua tumbo kwanza, kabla hata ya kupiga noti moja.

"Ingekuja kama ilivyokuwa, wazungu wanatoa maelfu ya dola. Rangi ya kiwandani ikiondolewa, karibu nusu inakwenda. Hata kama ilikuwa imechubuka. Hasa kama ilikuwa imechubuka."

"Na yale maandishi ya shirika, mzee?"

"Maandishi gani?"

Nikamweleza. Akakaa kwenye ndoo. "Hiyo ndiyo ilikuwa kadi yake ya kliniki! Bendi gani, mji gani, nani kaipiga. Umeifuta?"

"Siku mbili, mzee."

Kwa hesabu ya haraka, nilikuwa nimemshusha mjomba kutoka kwenye pikipiki hadi kwenye baiskeli, tena isiyo na kengele. Mzee akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Kile kifuniko cha chuma cha hapa chini hakikuwepo, sivyo? Wengi wamevipoteza. Siku hizi kinatafutwa peke yake, mtu anakilipia."

Sikuaga. Nikafunga shingo, nikatupia besi begani bila begi, mbio hadi kwenye ile skrepa. Nilikikuta kiko juu ya meza, kimejaa misumari.

"Kaka, kile kifuniko nilichokuuzia jana nakirudisha. Nakupa elfu mbili."

Jamaa akaniangalia kutoka viatuni hadi kwenye jasho la paji la uso. "Elfu hamsini."

"Jana ulinipa mia nne!"

"Jana ulikuwa unapiga miayo. Leo umekuja unahema."

Miaka minane Kariakoo nimewasoma wateja nyuso, leo nimesomwa na mtu mwenye grisi hadi masikioni. Tukavutana hadi elfu thelathini. Nikiwa nahesabu noti, akaishusha besi begani mwangu, akaitundika kwenye ndoano ya mizani. Kilo nne na robo. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akacheka, akanirudishia.

"Huu mti, kaka. Mti hatuchukui. Ila ukining'olea hivyo vyuma vya kichwani, naongeza jero."