Nyuzi Nyekundu Ubaoni: Ajaili Inapoingia Shirika Kubwa

Ukiingia ukumbini wakati timu kumi za waunda programu zinapanga kazi za wiki kumi zijazo kwa mtindo wa SAFe, mwongozo wa kuratibu timu nyingi zinazojenga programu pamoja, tazama ubao kwanza. Kila timu ina mstari wake, kila wiki mbili zina safu yake, na karatasi za rangi zimebandikwa zikitaja kazi. Halafu kuna nyuzi nyekundu. Kila uzi unatoka kwenye kazi ya timu moja na kuishia kwenye kazi ya timu nyingine inayoisubiri. Ikifika jioni ya siku ya pili, ubao umekuwa wavu. Siku hizi wengi huzichora nyuzi hizo kwenye kompyuta, lakini wavu ni uleule.

Watu wawili wanaweza kusimama mbele ya ubao huo wasikubaliane hata kidogo. Wa kwanza anashusha pumzi: afadhali tumejua mapema nani anamsubiri nani. Wa pili anakunja uso: kwa nini timu ya malipo ishindwe kubadilisha kitu chake mpaka ibishe hodi kwa timu nyingine nne? Ajaili ni mtindo wa kujenga programu kwa mizunguko mifupi na kurekebisha njiani; kuikuza ni kuitumia kwa timu nyingi kwa pamoja. Ubishi wote wa kuikuza, ukiuvua vyeti na majina ya biashara, ni wa hawa wawili. Mimi nasimama karibu na wa pili. Ila wa kwanza hatendewi haki na wanaomcheka.

Ajaili ilizaliwa ndogo. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, wakaandika ilani yenye tunu nne, na baadaye zikafuata kanuni 12. Scrum, mojawapo ya njia za kufanya kazi kiajaili, ambayo Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliiwasilisha hadharani mwaka 1995, nayo ililenga timu moja. Mwongozo wake wa 2020 unasema kwa kawaida timu iwe na watu 10 au pungufu. Udogo huo una hesabu yake. Watu 7 wakitaka kila mmoja azungumze na mwenzake, kuna jozi 21. Watu 50 wana jozi 1,225. Watu 125 wana 7,750. Frederick Brooks, mtaalamu wa kompyuta, alishaieleza hesabu hii mwaka 1975, na ndiyo iliyomfanya aseme kwamba ukiuongezea watu mradi uliochelewa, unazidi kuchelewa.

Basi miongozo ya kukuza ikaja na majibu yake. SAFe ya Dean Leffingwell, iliyotoka 2011, inawaweka watu 50 hadi 125 kwenye kinachoitwa treni, na treni nzima inapanga kwa pamoja kila baada ya wiki 8 hadi 12. LeSS ya Craig Larman na Bas Vodde inashika njia nyingine: timu mbili hadi nane, orodha moja ya kazi, msimamizi mmoja wa bidhaa, na vyeo vipunguzwe kadiri inavyowezekana. Nexus ya Schwaber, ya 2015, inaongeza kidogo tu juu ya Scrum. Kwa maoni yangu tofauti kubwa haiko kwenye michoro. SAFe inalipokea shirika jinsi lilivyo na kuliongezea uratibu. LeSS inataka shirika lenyewe libadilike kwanza. Si ajabu ya kwanza ndiyo rahisi kuwauzia wakurugenzi. Haimnyang'anyi mkuu wa idara kiti chake.

Wanaoitetea SAFe wana hoja nzito. Chukua shirika lenye mfumo mkuu wa hesabu wenye umri wa miaka 30, ulioandikwa na watu waliokwisha kustaafu. Kila huduma mpya lazima iuguse. Ukiwaambia watu hao "vunjeni utegemezi, kila timu ijitegemee," umewapa kazi ya miaka mitano huku wateja wao wanangoja wiki hii. Ongeza wakaguzi wanaotaka kujua nani aliidhinisha badiliko gani, na bajeti inayopangwa kwa mwaka mzima. Hapo usipokaa na wenzako kupanga, nyuzi hazitoweki. Utazikuta wiki ya mwisho, siku ya kuunganisha, wakati hakuna tena nafasi ya kusogeza kitu.

Mfano unaorushwa huku na huku ni wa Uingereza. Mpango wa mafao wa Universal Credit ulianza kujengwa kwa ajaili mwaka 2011. Septemba 2013 ofisi ya taifa ya ukaguzi ilitoa ripoti kali kuhusu usimamizi dhaifu, na wizara husika ikawa imeshafuta pauni milioni 34 za mifumo iliyojengwa. Wapenda miongozo wanasema: mnaona, mradi wa ukubwa huo bila mfumo wa uratibu. Wapinzani wanasema: ile ilikuwa ajaili iliyobanwa ndani ya mikataba na taratibu za zamani, na wizara haikuwa na uzoefu nayo. Kwangu mimi kisa hiki hakimpi ushindi yeyote. Kinachoonekana ni kwamba timu zilibadilisha mwendo wakati mikataba na udhibiti wa fedha vilibaki na mwendo wa jana, na hilo hakuna ubao unaoweza kulitibu.

Kambi ya pili nayo huleta kisa cha Sentinel, mfumo wa kutunza majalada ya upelelezi wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Bajeti ilikuwa dola milioni 451. Hadi mwaka 2010 takriban milioni 405 zilikuwa zimetumika kupitia mkandarasi, na awamu mbili tu kati ya nne ndizo zilizokamilika. FBI ikaichukua kazi yenyewe, ikapunguza watu, ikajenga kwa mizunguko mifupi, na Julai 2012 mfumo ukawashwa. Hadithi tamu, lakini wanaoisimulia husahau kwamba ule ulikuwa mfumo mmoja wenye mwenyewe mmoja. Inatuonyesha faida ya kuwa wachache, na haitufundishi sana namna ya kuwa wengi.

Nguvu ya kambi hii iko kwingine: kwa Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta aliyeandika mwaka 1968 kwamba shirika hutengeneza mifumo inayofanana na njia zake za mawasiliano. Ukilisoma jambo hilo mbele ya ubao, unagundua kwamba wavu wa nyuzi ni picha ya muundo wa shirika lenyewe. Kuna timu ya kanzidata, timu ya kurasa, timu ya majaribio, kwa hiyo kila huduma inapita kwa wote watatu. Kikao kikubwa zaidi kinaufanya mzunguko huo uende vizuri zaidi, lakini haukomi.

Hapa ndipo wengi walioinakili Spotify, kampuni ya muziki wa mtandaoni, walipokosea. Waraka wa Henrik Kniberg na Anders Ivarsson wa 2012 ulieleza vikosi, yaani timu ndogo, na makabila, yaani makundi ya vikosi, na majina hayo yakasambaa. Benki ya ING iliwapanga upya watu kama 3,500 wa makao yake makuu Uholanzi mwaka 2015 kwa mpangilio wa aina hiyo. Kwingineko yalichukuliwa majina matupu. Waraka huohuo ulisema teknolojia ya Spotify ilikuwa imegawanywa katika mifumo zaidi ya 100 inayoweza kutolewa kila mmoja kivyake. Kibao cha mlangoni kinabadilishwa kwa siku moja. Kugawa mfumo kunachukua miaka, na hakuna cheti cha kutundika ukutani ukimaliza.

Hata hivyo kujitegemea kuna bei ambayo mtu wetu wa pili huinyamazia. Timu kumi zilizo huru huweza kukupa njia tano za mtumiaji kuingia kwenye mfumo, kila moja na kasoro yake. Ikigundulika tundu la kiusalama, unalitafuta sehemu kumi. Baadhi ya nyuzi ni halali.

Ningekuwa na sauti katika shirika la namna hii, ubao ningeuacha, ila ningeupa kazi ya ziada. Kila mkutano wa kupanga ukiisha, nyuzi zihesabiwe na ziandikwe: kutoka wapi hadi wapi, kwa sababu gani. Uzi ukirudi kati ya timu zilezile mara tatu mfululizo, anaitwa mwenye bajeti, si mratibu, na anaulizwa kama timu hizo ziunganishwe au sehemu ya mfumo ihame kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Watu wengi ninaowaona wakikuza ajaili huhesabu waliopata mafunzo na timu zilizoingia kwenye treni. Nyuzi hazina safu kwenye ripoti zao.