Plagi tatu za nyuma

Kinachoniudhi si bei ya plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini. Ni ufundi wa kuzibadilisha. Plagi yenyewe ni kidude cha kushika kwa vidole viwili, na kwenye injini ya silinda nne unachomoa koili inayoipa umeme, unaingiza spana, nusu saa umemaliza. Lakini SUV yangu ni ya zamani, ina V6, injini ya silinda sita katika safu mbili za tatu tatu, iliyolazwa kwa upana wa gari. Plagi tatu za mbele unaziona. Tatu za nyuma zimebanwa kati ya injini na ukuta wa kabini, na juu yake imekalia manifoldi ya hewa, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Ili uzifikie lazima uing'oe yote, pamoja na mabomba na nyaya zake, kisha ununue gasketi mpya ya kuziba maungio, maana ya zamani ikivujisha hewa injini itatetemeka.

Na gari likishazeeka, hakuna kinachotoka salama. Mpira wa koili moja ulikatikia ndani ya shimo, fundi akautoa vipande vipande kwa koleo. Plagi ya tano ikaanza kulia kwenye spana. Akasimama, akapuliza mafuta ya kulegeza kutu, akangoja, akawa anairudisha robo mzunguko na kuifungua tena. Hedi, kichwa cha injini ambamo plagi hufungwa, ni ya alumini. Ukilazimisha, unang'oa nyuzi zake zinazoshika plagi, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Wahandisi walijua plagi hubadilishwa. Hata zile zenye ncha ya iridiamu, metali ngumu, zinazoweza kufika kilomita 100,000, huisha. Kwa nini basi wazifukie hivyo?