Mshono Uonekane: Picha Zilizohaririwa na Kejeli kwa Jamii

Mvua za masika zinapolijaza maji bonde la Jangwani na mabasi ya mwendokasi kulazimika kusitisha safari, simu za wakazi wa Dar es Salaam hupokea picha za aina mbili. Zipo zilizopigwa palepale bondeni, na zipo ambazo mtu ameketi akazihariri, akamweka samaki papa barabarani au meli ikitia nanga kituoni. Hizi za pili huchekesha, lakini pia husema waziwazi kwamba mafuriko ya mahali pale yamezoeleka kiasi cha kuwa utani, jambo ambalo picha halisi ya maji machafu haina namna ya kulisema. Je, picha ya kutunga ina haki ya kuisema jamii?

Wanaoitetea wana hoja nzito, na historia iko upande wao. Mwaka 1840, wakati upigaji picha haujatimiza hata miaka miwili tangu utangazwe hadharani, Mfaransa Hippolyte Bayard, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alijipiga picha akijifanya maiti ya mtu aliyezama majini, akilalamika kwamba serikali ilimpuuza huku ikimtukuza mshindani wake, Daguerre. Huko Ujerumani, mwaka 1932, msanii John Heartfield aliunganisha vipande vya picha akamwonyesha Hitler akihutubia, kifua chake kikiwa wazi kama katika eksirei na uti wa mgongo umejengwa kwa sarafu, maana yake ikiwa kwamba kelele zile zililipiwa na matajiri. Hakuna kamera ambayo ingeweza kulinasa jambo hilo, kwa sababu fedha za aina hiyo hazipokelewi mbele ya mpiga picha.

Hata hivyo, mkasi uliomkejeli mtawala umewatumikia watawala pia. Katika Urusi ya Stalin, Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri, alifutwa katika picha aliyopigwa akitembea na bosi wake kando ya mfereji, baada ya yeye mwenyewe kuuawa. Wala si madikteta peke yao: mwezi Februari 1982 jarida la National Geographic liliyasogeza mapiramidi ya Misri yakaribiane, ili tu picha ienee kwenye jalada la wima.

Kwa maoni yangu, tofauti kati ya Heartfield na waliomfuta Yezhov haiko katika uhariri, kwa kuwa wote walihariri, bali katika mshono: mmoja aliuacha uonekane, wengine waliuficha. Kipimo hiki kina faida kubwa katika mji ambao picha husafiri kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, ikidondosha maelezo yake njiani. Papa wa Jangwani hahitaji maelezo. Picha ya Papa Francis akiwa na koti jeupe la kifahari, iliyotengenezwa kwa akili mnemba mwezi Machi 2023, iliyahitaji, na kwa kuyakosa iliwadanganya watu wengi ambao si wajinga hata kidogo.

Lakini kipimo changu kinapwaya kikifika Kariakoo, katika studio ambamo mteja huingia na fulana akatoka na picha ndogo amevaa suti na tai ambazo hajawahi kuzimiliki. Mshono umefichwa, naye hana nia ya kumkejeli yeyote, anatafuta kazi. Hata hivyo picha hiyo inatueleza habari za ofisi zetu, na jinsi zinavyoipima heshima ya mtu kwa kola, kwa ukali ambao msanii wa kejeli angeuonea wivu. Filta zinazong'arisha ngozi nazo ni vivyo hivyo: huungama tusichokiri kwa mdomo. Norway imeamua kwamba matangazo yenye miili iliyohaririwa yawe na alama, na kwa biashara naona ni haki; kumdai alama hiyo mwombaji kazi ni kumwadhibu aliyebanwa na kumwacha aliyembana.

Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inakataza kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma. Anayebandika uso wa msichana kwenye mwili wa mwingine ili amdhalilishe hastahili kutetewa kwa jina la sanaa. Ugumu uko kwenye neno nia, kwani kiongozi aliyekejeliwa huona tusi pale ambapo wananchi wameona hoja.

Hasara ninayoihofia zaidi haisababishwi na picha moja ya uongo, bali na mazoea ya kuzishuku zote. Mkazi wa bondeni akipiga picha ya kweli ya maji yaliyofika dirishani, mhusika anayepaswa kuwajibika anaweza sasa kujibu kwa neno moja, "imehaririwa", na mzigo wa kuthibitisha ukamrudia yule ambaye godoro lake bado limelowa.