Kesi ya unga yenye washtakiwa sita ni kesi sita

Hati ya mashtaka ya kesi kubwa ya dawa za kulevya hapa Tanzania huwapanga watu kwa namba: mshtakiwa wa kwanza, wa pili, hadi wa sita. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inaupenda mpangilio huo kwa sababu kilo zilizokamatwa zinawaangukia wote kwa mpigo. Ubaya ni pale utetezi nao unapoupokea jinsi ulivyo. Wakili mmoja anasimama kwa niaba ya wote sita, anapinga vielelezo kwa niaba ya wote, anauliza maswali ya dodoso kwa niaba ya wote, na mwisho wote wanakwenda maisha kwa ushahidi ambao wawili au watatu kati yao haukuwagusa kabisa.

Na maisha ni maisha kweli. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, baada ya marekebisho ya 2017, iliweka mpaka: heroini isiyozidi gramu 200 ni miaka 30, ikizidi hapo ni kifungo cha maisha. Jaji akishatia hatiani kwa kiwango kikubwa, maombolezo ya watoto na mama mgonjwa hayabadilishi kitu. Hata makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoletwa na marekebisho ya 2019, yaliziacha nje dawa zenye thamani ya zaidi ya shilingi milioni 20. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya hukumu.

Mawakili wengi huikimbilia hoja ya mnyororo wa makabidhiano ya kielelezo. Sikatai, hoja hiyo ina mizizi: uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007 ulitaka kila hatua iwe na karatasi, tangu kukamata, kutunza, kuhamisha, kupima, hadi kielelezo kufika mahakamani. Lakini Mahakama hiyo hiyo imelegeza kamba tangu wakati huo. Shahidi aliyekishika kielelezo anaweza kuziba pengo la karatasi kwa mdomo, na kitu kisicho rahisi kubadilishwa hakianguki kwa sababu tu fomu moja haipo. Wakili anayesimama na kusema "mnyororo umekatika" bila kuonyesha umekatikia mkononi mwa nani, saa ngapi, anajichosha bure.

Tuseme abiria amekamatwa uwanja wa ndege akiwa amemeza pipi, yaani vifurushi vidogo vya unga. Anawekwa chini ya uangalizi siku kadhaa, na kila akienda haja fomu inajazwa: tarehe, saa, idadi ya pipi zilizotoka, sahihi ya askari aliyekuwepo, ya shahidi huru na ya mtuhumiwa mwenyewe. Fomu hiyo isomwe mstari kwa mstari, na pembeni yake liwepo daftari la zamu. Pipi 14 zimetoka saa tisa usiku, na shahidi huru ni mfanyakazi wa usafi anayemaliza kazi saa kumi na mbili jioni. Alisainia wapi? Jumla ya mistari ni 76, hati ya kukabidhi kwa mtunza vielelezo inasema 78. Sahihi za siku tatu zina wino mmoja na mkono haujatetereka popote, kana kwamba mtu alikaa mezani akazipiga zote kwa pamoja. Kisha uzito. Unaopimwa mahali pa kukamatia mara nyingi huwa na nailoni na selotepu ndani yake. Wa Mkemia Mkuu wa Serikali, ulio kwenye fomu yake ya ripoti, DCEA 009, ukiwa ni wa unga mtupu lazima ushuke. Ukishuka ni kawaida. Ukipanda, hapo pana kazi.

Sasa angalia: yote hayo yanamsaidia aliyemeza. Mshtakiwa wa tatu, anayedaiwa kumkatia tiketi, haimhusu kama pipi zilikuwa 76 au 78. Kesi yake ni risiti ya wakala, muamala wa simu, na swali moja: alijua tiketi ni ya nini? Wakili aliyetumia siku nzima kuhesabu pipi bila kumuuliza mpelelezi swali hata moja kuhusu tiketi amemtetea mtu mmoja na kumwacha mwingine.

Kwenye malori ni vivyo hivyo. Dereva na utingo wanakamatwa pamoja, mzigo umefichwa kwenye tangi la pili la mafuta. Hukumu iliyomo kwenye TLR (ripoti za kesi za Tanzania) ya 1987, ukurasa wa 134, inasema umiliki unathibitishwa kwa kuonyesha mtu alijua kitu kipo na alikuwa na mamlaka nacho kwa kiasi fulani, au kililetwa kwa mwaliko na mpango wake hata kama hakuwepo. Utingo aliyepanda gari njiani juzi hana ufunguo wala hana sauti juu ya safari. Hoja hiyo ni yake peke yake, na inaweza kumuumiza dereva. Ndiyo sababu wakili mmoja hawezi kuwabeba wote wawili. Mahakama ikimpangia wakili washtakiwa wote, siku ya kwanza baada ya kusoma maelezo ya mashahidi amwandikie Msajili kwamba maslahi yanagongana na aombe wenzake. Akingoja hadi dereva apande kizimbani na kumsukumia utingo, kutakuwa kumekucha.

Kosa la njama lenyewe linastahili pingamizi mapema. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kula njama ya kutenda kosa kubwa ni miaka saba, adhabu ndogo ukilinganisha na maisha, hivyo wengi huliacha lipite. Mimi naona wanakosea. Rufaa ya Jinai Na. 335 ya 2009 ilisema si sahihi kuunganisha njama na kosa lenyewe lililokwisha kutendeka, kwa kuwa njama ni kosa linalosimama peke yake. Faida ya kuliondoa haiko kwenye ile miaka saba. Njama ndiyo mlango ambao maneno ya mmoja huingilia kumfunga mwingine. Hata mlango huo ukibaki wazi, una kizingiti: yanayoingia ni maneno na matendo ya kuendeleza mpango. Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huandikishwa na polisi, yaliyochukuliwa kituoni baada ya kukamatwa hayaendelezi mpango wowote, mpango umekwisha kufa. Yakipokelewa kama ungamo la mshtakiwa mwenza, Sheria ya Ushahidi inakataza kumtia mtu hatiani kwa hayo peke yake. Kwa hiyo wakili wa mshtakiwa wa pili asiridhike na "kesi ndani ya kesi", ile ndogo ya kuamua kama maelezo yapokelewe, inayohusu kama wa kwanza alipigwa. Aombe kumbukumbu ionyeshe ni ushahidi gani mwingine unaomgusa mteja wake.

Simu ndizo zinazowaponza watu wengi siku hizi. Orodha ya miito inaonyesha namba iliita namba, kwa sekunde kadhaa, mnara fulani. Haionyeshi walisema nini, na mnara mmoja unafunika mtaa mzima. Kwanza tafuta IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye hati ya kuchukua mali: kama haikuandikwa siku ile, Jamhuri ieleze inajuaje simu iliyochunguzwa ndiyo iliyochukuliwa mfukoni mwa huyu. Kisha laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani.

Kuna wanaopenda kutolea mfano ndugu wa Akasha wa Mombasa, wafanyabiashara wa dawa za kulevya waliokamatwa Novemba 2014, wakapelekwa New York Januari 2017 na kukiri makosa Oktoba 2018. Baktash akapata miaka 25, Ibrahim 23. Mfano huo hautufai sana. Kule njama ya dawa za kulevya hubeba adhabu ile ile ya kosa lenyewe, wala Jamhuri yao hailazimiki kuthibitisha tendo lolote zaidi ya makubaliano, na kukiri kuna bei inayojadiliwa. Hapa hakuna cha kujadili.

Jamhuri ikifunga ushahidi, hoja ya "hana kesi ya kujibu" iandikwe mtu mmoja mmoja, kila jina na ukurasa wake: shahidi gani alimtaja, kielelezo gani kina sahihi yake. Na hukumu ikitoka vibaya, ilani ya rufaa ni siku 30. Kila mfungwa awe na yake, isainiwe na ipokelewe kwa muhuri wa gereza wenye tarehe inayosomeka.